Shibam Si Manhattan: Uhakiki wa Maandishi ya Safari juu ya Miji ya Bonde la Hadhramaut

Mwaka 1932 Mjerumani Hans Helfritz, mtunzi wa muziki na mpiga picha, alichapisha kitabu juu ya safari yake ya Arabuni ya kusini, akakiita Chicago der Wüste, yaani Chicago ya jangwani. Aliyelengwa na jina hilo ni mji wa Shibam, ulio katika bonde la Hadhramaut, mashariki mwa nchi ambayo leo ni Yemen. Baadaye Chicago iliipisha Manhattan, na kwa jina hilo la pili mji umepita katika vitabu vya kuongoza wageni, katika filamu na katika matangazo ya safari. Msomaji wa Kongo hukutana nalo kwanza kwa Kifaransa, na hakuna lililo rahisi kuliko kulifasiri neno kwa neno: "Manhattan ya jangwani". Fasiri hiyo haina kosa la sarufi. Ina kosa kubwa zaidi.

Uhakiki huu unachunguza jina hilo pamoja na maandishi yaliyolizaa, na yale ambayo yamelikanusha bila hata kulitaja. Jina la mji ni usemi mfupi kuliko ubeti, lakini hufanya kazi ileile ya sitiari: huangaza upande mmoja wa kitu na kuuacha mwingine gizani. Inapasa basi kuuliza ni upande upi wa Shibam, na wa miji jirani ya Seiyun na Tarim, uliobaki gizani, na ni nani anayepata hasara kwa kufichwa huko. Swali hili lawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani, kwa kuwa sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya pwani imetungwa na watu ambao nasaba zao zaanzia katika bonde hilo.

Bonde na miji yake

Bonde la Hadhramaut halifanani na bonde la Lualaba au la Luapula, ambamo maji hupita mwaka mzima. Ni mkondo mpana uliochimbika katika nyanda za juu za mawe, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Bahari ya Hindi. Huelekea mashariki sambamba na pwani, kisha hupinda, kwa jina la Masila, na kushuka baharini. Mbele ya miji hiyo mitatu, sehemu kubwa ya mwaka mkondo ni mchanga na changarawe tu. Mvua inaponyesha juu ya nyanda, maji huteremka kwa nguvu kupitia mabonde ya kando, kama Do'an na Amd, na kwa saa chache jangwa huwa mto. Wakulima hawangoji maji hayo yajipitie. Huyakinga kwa matuta na mifereji, wakayaelekeza kwenye mitende na mashamba ya nafaka. Aliyekosa saa zile chache huenda amekosa mwaka.

Shibam, Seiyun na Tarim hufuatana kutoka magharibi kwenda mashariki katika masafa ya kilomita zipatazo 50. Shibam ni mji uliozungushiwa ukuta, wenye nyumba zipatazo 500 zilizobanana; ndefu kati yake hufikia ghorofa saba au nane, mita 30 hivi. Msikiti wake mkuu una asili ya karne ya 9 au ya 10, na ngome yake ni ya karne ya 13, lakini nyumba zilizo nyingi ni za baada ya mafuriko ya miaka ya 1530, yaliyobomoa sehemu kubwa ya mji. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Seiyun hujulikana kwa kasri la masultani Wakathiri, jengo jeupe la udongo na chokaa lililofanywa makumbusho baada ya utawala wao kukoma mwaka 1967. Tarim una mnara wa msikiti wa al-Muhdar, wa matofali ya udongo, unaozidi mita 40. Una majumba ya ukoo wa al-Kaf, yenye nguzo na mapambo yaliyoigwa Singapore na Java. Na una maktaba ya al-Ahqaf, yenye maelfu ya miswada ya Kiarabu. Hayo ndiyo mgeni huonyeshwa, na ni haki yake kuyaona.

Kimo na udongo

Picha mashuhuri ya Shibam hupigwa kutoka kilima kilicho ng'ambo ya mkondo wa mafuriko, jua linapokaribia kutua. Kutoka hapo mji ni safu ya minara ya rangi ya dhahabu iliyosimama juu ya mitende. Jina la Manhattan limezaliwa kwenye kilima hicho. Ni jina la mtu aliyesimama mbali, ambaye udongo kwake ni rangi. Kwa mtu aliye ndani ya mji udongo ni kazi.

Ulinganisho huo hupotosha kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya tarehe, nayo yatosha kutajwa tu: majengo marefu ya chuma ya Chicago yalianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati nyumba za Shibam zilikuwa zimekwisha kukaliwa na vizazi vingi. Ya pili ni ya sababu. Mjini Manhattan jengo lilirefuka kwa sababu ya bei ya kiwanja, na liliweza kurefuka kwa sababu ya chuma na lifti. Shibam ilirefuka kwa sababu nyingine kabisa. Mji umewekwa juu ya mwinuko mdogo katikati ya bonde ili maji ya mafuriko yaupite pembeni. Ardhi iliyouzunguka ndiyo inayonyweshwa na maji hayo, kwa hiyo kujenga nje ya mwinuko ni kula shamba. Ukuta nao uliwekwa kwa ajili ya vita vya makabila, vilivyodumu mpaka karne ya 20. Kati ya maji na bunduki watu hawakuwa na pa kwenda ila juu. Urefu wa Shibam, kwa maneno mengine, ni habari ya kilimo na ya usalama. Anayeusifu kama ujasiri wa wasanifu amesoma jalada akakiacha kitabu.

Vifaa navyo vina lugha yake. Tofali la Hadhramaut ni udongo uliochanganywa na makapi ya nafaka na maji, ukamiminwa chini katika kalibu ya mbao na kuachwa kukauka juani. Halichomwi. Ukuta wa chini huwa mnene wa karibu mita moja, na hupungua kadiri unavyopanda, hata juu ukabaki mwembamba. Milango, madirisha na nguzo hutengenezwa kwa mti wa ilb, ambao ni mkunazi wa Waswahili, na maua ya mti huohuo ndiyo yanayowapa nyuki wa Do'an asali iliyo ghali kuliko zote nchini. Paa na kuta za juu hupakwa chokaa iliyopigwa sana ili isipenye maji, na sehemu ya chini vilevile. Ghorofa za chini ni ghala na zizi. Za kati ni mabaraza ya wanaume. Za juu ni za wanawake na watoto, na kutoka nyumba hadi nyumba huko juu zipo njia ambazo wanawake huzipita bila kushuka barabarani. (Kwa Kiarabu ghurfa ni chumba, na upo mji mdogo wa al-Ghurfa kati ya Shibam na Seiyun, Kiswahili kililipokea neno hilo kikalipandisha, kikaita ghorofa dari nzima ya nyumba.)

Nyumba ya namna hiyo haisimami kwa sababu ilijengwa vizuri zamani. Yasimama kwa sababu imekandikwa tena juzi. Lipu ya udongo huliwa na mvua na upepo. Chokaa ya paa hupasuka. Tobo moja lisilozibwa hushusha maji ndani ya ukuta mpaka chini. Methali ya ufa na ukuta, ambayo katika shule hufundishwa kama fumbo, mjini Shibam ni kanuni ya ufundi. Hata maji ya mabomba, yalipoingia mjini kabla ya njia za maji machafu kutengenezwa sawasawa, yalidhuru misingi ya nyumba ambazo mafuriko ya karne nne hayakuziangusha. Ndiyo maana mradi wa Yemen na Ujerumani ulioanza mwaka 2000 haukufanya mji kuwa makumbusho. Uliwasaidia wenye nyumba kulipia sehemu ya matengenezo na uliwapa kazi mafundi wa hapohapo, ili ujuzi wa kalibu usife pamoja na wazee. Mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2007. Katika jina la Manhattan hakuna nafasi ya fundi huyo. Minara ya chuma haikandikwi kila baada ya mvua.

Walioona na asiyeona

Kitabu kinachosomwa zaidi juu ya bonde hili ni cha Mwingereza Freya Stark, The Southern Gates of Arabia, kilichotoka mwaka 1936. Bi Stark alishuka bandarini Mukalla mapema mwaka 1935, akapanda nyanda na kuteremka Do'an kwa punda, kwa nia ya kufika Shabwa, mji mkuu wa kale wa biashara ya ubani. Hakufika. Aliugua surua njiani, moyo ukamdhoofika, na ndege ya jeshi la anga la Uingereza ilikuja kumchukua bondeni na kumpeleka Aden.

Haitakuwa haki kumhesabu pamoja na waliosimama kilimani. Ugonjwa ulimlaza katika nyumba za Do'an, vyumbani mwa wanawake, ambamo wasafiri wanaume waliomtangulia hawakuweza kuingia. Na kurasa zilizo bora katika kitabu chake ni zile ambazo hakuzipanga, za siku alizolala akisikiliza mazungumzo ya wenyeji wake. Hapo nyumba ndefu huwa na ngazi zinazochosha, moshi, watoto, wivu na ukarimu. Lakini aamkapo na kupanda punda, jicho lake hurudi mbali. Miji huwa tena mandhari, nayo mandhari hutaka mtu mmoja wa kuitazama na wengine wa kupamba picha. Albamu yake ya mwaka 1938, Seen in the Hadhramaut, ina picha nzuri sana, na uzuri huo ndio tatizo lake: kuta zimetulia mno, kana kwamba hakuna anayezishughulikia.

Linganisha na kitabu kilichotangulia kwa nusu karne. Mwaka 1886, mjini Batavia, Mholanzi L. W. C. van den Berg alitoa kitabu kwa Kifaransa, Le Hadhramout et les colonies arabes dans l'archipel indien. Mtu huyu hakuwahi kukanyaga Hadhramaut. Alikuwa mtumishi wa serikali katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na habari zake alizipata kwa kuwauliza Wahadhrami waliohamia huko. Mtu angetazamia kitabu kikavu cha masimulizi ya mbali. Kumbe ndani yake mna watu: matabaka yao, kilimo chao, ufundi wao, mavazi, ndoa, safari, na fedha wanazopeleka kwao. Asiyeona aliandika jamii. Walioona waliandika kuta. Kinyume hiki si cha bahati. Asiyekuwa na mandhari ya kusifu alilazimika kuuliza, na aliowauliza walikuwa wahamiaji, yaani watu wanaofahamu kuliko wote nini kinachoisimamisha nyumba ya nyuma yao.

Kwa kuwa fedha za nyumba hizo zilitoka baharini. Majumba ya al-Kaf mjini Tarim ni mali ya Singapore iliyogeuzwa udongo. Ukoo huohuo ulilipia barabara ya kushuka pwani, na Sayyid Abu Bakr al-Kaf alitoa mali yake nyingi kununua amani kati ya makabila, iliyotiwa sahihi mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ilipokata njia ya Java na Singapore, fedha zilikoma, ukame ukaongezeka juu yake, na katika miaka ya 1943 na 1944 watu wengi wa bonde walikufa kwa njaa kando ya majumba hayohayo ambayo wageni walikuwa wamekwisha kuyapiga picha. Hakuna sitiari ya Manhattan inayoweza kubeba habari hiyo.

Afisa Mwingereza aliyesimamia mapatano ya mwaka 1937, Harold Ingrams, alikuwa amefanya kazi Zanzibar kabla ya kupelekwa Aden, na mwaka 1931 alikuwa ametoa kitabu cha historia ya Zanzibar. Kitabu chake cha mwaka 1942, Arabia and the Isles, kinaweka Zanzibar na Hadhramaut ndani ya jalada moja. Ni kitabu cha mtawala, chenye majivuno ya mtawala. Hata hivyo kina fadhila moja ambayo wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wameikosa: kinajua kwamba pwani mbili hizo ni habari moja.

Safari ya upande wa pili

Yapo pia maandishi ambayo hayakuandikwa na wageni wa bonde wala na wenyeji wake kamili. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufa Zanzibar mwaka 1925 akiwa kadhi mwenye sifa kubwa, alikuwa mwana wa mtu wa Shibam. Mwanawe, Sayyid Umar, aliyekuwa kadhi mkuu wa Zanzibar na kufariki Komoro mwaka 1976, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha safari zake za Hadhramaut, an-Nafha ash-Shadhiyya. Kitabu hicho ni cha aina ya rihla, na rihla ya mwanachuoni ina desturi zake: msafiri huenda kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwalimu, kutoka ziara hadi ziara, akitaja nani alimpa idhini ya kufundisha na kwa silsila ipi. Mji katika rihla ni orodha ya watu, walio hai na walio makaburini. Msomaji aliyezoea Bi Stark atauona umaskini wa macho hapa: nuru ya jioni haimo, minara haihesabiwi ghorofa. Atakachokipata ni kitu ambacho Bi Stark hakuwa nacho, nacho ni sababu ya kurudi. Kwa Sumait, Shibam ni kwao kwa babu, na mtu hatembelei kwao kama kivutio.

Lakini rihla nayo ina giza lake, na uhakiki usioligusa utakuwa umebadilisha kilima tu. Silsila hutaja masayyid na wanavyuoni. Mpiga matofali hayumo. Jamii ya bonde ilipangwa kwa ngazi: masayyid juu, pamoja nao mashekhe, kisha makabila yenye silaha, na chini watu wa mjini wasio na silaha, wakiwamo mafundi na wakandikaji, chini zaidi watumwa na wazao wao, ambao wengine asili yao ni Afrika. Mikono iliyokanda udongo wa Shibam ilikuwa ya ngazi za chini. Mjerumani hakuiona kwa sababu alikuwa mbali. Mwanachuoni hakuiandika kwa sababu ilikuwa karibu mno.

Kiswahili chenyewe hakijasalimika. Pwani ya Afrika ya Mashariki iliwapokea watu wa bonde moja kwa majina mawili. Wenye nasaba waliitwa masharifu, wakabusiwa mikono. Waliokuja kuuza kahawa, kubeba maji na mizigo na kufungua vijiduka waliitwa Washihiri, kwa jina la bandari ya Shihr, na neno hilo lilisemwa kwa dharau. Msomaji wa mashairi ya Lamu na Pate huwajua wa kwanza. Wa pili huonekana katika hadithi, kama wanaonekana, wakiwa pembeni na buli la kahawa. Katika Kongo majina yalipungua hata zaidi. Wote waliokuja kutoka mashariki na misafara, Waomani, watu wa Mrima, hata waungwana waliozaliwa Maniema, walifungwa katika neno moja la Waarabu, na utawala wa Kibelgiji ukawaongezea wafuasi wao jina la arabisés. Wanaoishi katika mji ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966 hawahitaji kufundishwa jinsi jina la kupewa linavyoweza kukaa juu ya mji kama kofia ya mtu mwingine.

Pate na Tarim

Kuna utenzi mmoja unaoweza kusomwa upya kwa mwanga huu, nao ni Al-Inkishafi. Mtungaji wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikuwa wa uzao wa Shekhe Abu Bakr bin Salim, mtakatifu wa karne ya 16 ambaye kaburi lake liko Inat, mashariki kidogo ya Tarim. Utenzi huo hutazama majumba ya Pate yaliyoporomoka, na mabaraza yake ambamo wanyama wa usiku wamechukua nafasi ya wenyeji. Wahakiki wameusoma, na kwa haki, kama mawaidha juu ya dunia ipitayo. Mfano mkubwa wa mawaidha hayo, hata hivyo, ni nyumba. Na mtungaji haangalii nyumba kutoka mbali. Aingia ndani, apita chumba hadi chumba, ajua kila kitu kilikuwa wapi. Hivyo ndivyo aangaliavyo mtu ambaye nyumba kwake ni kitu kinachotunzwa. Pate ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, vitu vigumu kuliko udongo mkavu wa Tarim, na bado Pate ilianguka na Tarim ikabaki. Tofauti haikuwa katika mawe. Pate ilipoteza vita, biashara na watu wake. Tarim iliendelea kupata watu waliotuma fedha kutoka mbali na waliorudi kukandika. Haidaiwi hapa kwamba Sayyid Abdalla aliwaza Tarim alipotunga. Inadaiwa tu kwamba msomaji anayeijua Tarim huusikia utenzi huo kwa sauti nyingine: kinacholiliwa ndani yake ni kutokuwapo kwa wakandikaji.

Mfano mwingine upo Lamu. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19, ulichukua mfano na jina la Riyadh ya Seiyun, ya Sayyid Ali al-Habshi, na maulidi yaliyotungwa na Sayyid Ali ndiyo yanayosomwa katika sherehe ya kila mwaka inayojaza Lamu wageni. Wengi wa wageni hao huja kama watalii kuona "mila ya Lamu". Wasomaji wenyewe hujua wanasoma Seiyun. Na Habib Saleh alifanya jambo ambalo bonde lingelifanya kwa shida: alifundisha wazao wa watumwa pamoja na wengine, na wakubwa wa mji hawakumsamehe upesi.

Miji isiyo na wageni

Vivutio vya Hadhramaut vimepoteza wageni wake karibu wote. Mwezi Oktoba 2008 mafuriko makubwa yalibomoa nyumba nyingi za udongo bondeni. Mwezi Machi 2009 bomu la kujitoa mhanga liliwaua watalii wanne kutoka Korea ya Kusini huko Shibam, walipokuwa wakiutazama mji kutoka juu, jioni. Vita vilivyoenea Yemen vilipelekea UNESCO kuuweka mji katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2015. Ipo hoja, na wapo wanaoitoa kwa nia njema, kwamba wageni wakirudi miji itapona. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Wageni huleta fedha, na udongo hutaka fedha. Lakini nyumba za Shibam zilikwisha kusimama karne nne kabla ya mgeni wa kwanza kulipa chumba cha hoteli. Zilisimama kwa sababu mwenye nyumba aliyekuwa Java, Hyderabad, Mombasa au Jedda alituma kitu kila mwaka, na kwa sababu aliyebaki alijua nani wa kumwita. Mwaliko wa watalii unaotegemea jina la Manhattan huwaambia wageni waje kuona kimo. Haumwambii mtoto wa mkandikaji abaki na kalibu.

Safari ya siku chache mashariki ya Tarim kwa miguu ipo sehemu ambayo vitabu vya wageni huiita mji wa mizimu, kwa kuwa nyumba zake nzuri za mawe na chokaa hukaa tupu miezi kumi na moja. Ni Qabr Hud, ziara ya Nabii Hud. Kila mwezi wa Shaabani watu wa bonde huenda huko kwa maelfu, hufungua nyumba, hulala humo siku chache, hushuka mtoni kutawadha, kisha hufunga na kurudi. Picha zinazouzwa zimepigwa katika ile miezi kumi na moja. Chokaa iliyomo katika picha hizo, ukiitazama vizuri, ni mpya.